Zile Wiki Alizopata Nafuu

Karakana ya Cherehani,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako umetulia? Mimi sijambo, na Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua kukiwa na baridi. Mteja wetu yule mwalimu mnene bado anadai suruali zake zinapungua zenyewe kabatini, nami bado nazitanua bila kumcheka.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Kila tukikupigia, Mama hukaa ubavuni na kutaka sauti ya juu asikie hata ukipumua. Haya ninayokuandikia hapaswi kuyasikia.

Ni ya kaka yetu Sumaku. Unajua alianza matibabu ya ile homa ya ini ya C: sindano kila wiki, na vidonge asubuhi na jioni. Daktari alitueleza kwamba sindano inaiamsha kinga ya mwili ipigane, na vidonge vinavibana vile virusi visizaliane. Kimoja bila kingine ni kazi bure. Alituonya pia kwamba mwili ukipigana, mwenye mwili ataumia.

Akaumia kweli. Kila baada ya sindano alitetemeka chini ya blanketi, nywele zikamtoka, na yule Sumaku wetu, ambaye pini zinamganda mpaka kwenye kola naye anacheka tu, akawa haambiliki. Alimfokea bibi harusi kwa sababu ya zipu. Gauni nikalimalizia mimi, bibi harusi analia na mimi nalia.

Halafu, Dada, akapata nafuu. Homa zikakata. Akaanza kula, akarudi kwenye cherehani, akanitania tena kwamba vifungo vyangu vimekaa kama meno ya bandia. Mama alikuwa anapita chumba hadi chumba akitabasamu peke yake. Tukasema basi, mwili umeizoea dawa. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Wiki juzi tukaenda kuchukua majibu ya damu. Virusi vimepanda upya. Daktari akauliza kama ameruka sindano. Hajaruka hata moja. Akauliza zinawekwa wapi. Kwenye friji, tukajibu, kama tulivyoelekezwa.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza Mama kwa kuzungukazunguka, maana yeye ndiye mtunza dawa, na ndiye anayempelekea Sumaku sindano kwenye kisahani ajidunge tumboni. Akanishika mkono akanionyesha. Tangu umeme uanze kukatika ovyo, alikuwa amezihamishia juu kwenye friza, katikati ya barafu. Aliambiwa dawa inataka baridi, naye akaipa baridi yote aliyokuwa nayo. Siku ya sindano huitoa mapema, huilaza kwenye bakuli la maji mpaka iyeyuke, kisha huifuta kwa kitambaa safi. Alikuwa anajivunia, Dada. Nikamwambia ahsante Mama.

Nilimpigia daktari. Akasema ikiganda inaharibika, haifanyi kazi tena. Kumbe wiki zote zile kaka alikuwa anajidunga kitu kisicho na nguvu kuliko maji. Ndiyo maana alikuwa mzima.

Nilimwambia Sumaku hapa karakanani, baada ya wateja kuondoka. Hakukasirika. Alikaa akizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akasema Mama asijue kamwe. Kisha akasema:

"Lakini mimi sirudii. Nimeonja kuwa mtu tena."

Ningemwambia nini? Si mimi ninayetetemeka. Na daktari hakumumunya maneno: ini limeshaanza makovu, ama aanze upya sasa, ama akae akisubiri liharibike kabisa. Nilirudi kwenye vifungo vyangu, nikajichoma vidole kama mwanafunzi.

Aliyemgeuza ni Mama, bila kujua; yeye nilimwambia tu kwamba daktari anataka dawa ianze upya. Tukiwa mezani alimwambia kama daktari anataka aanze tena, akubali tu, kwani dawa si imempenda, hata homa haikumrudia? Sumaku akanitazama. Angekataa, ingebidi aseme sababu.

"Sawa Mama," akasema. "Nitaanza."

Sindano mpya nimezihifadhi kwenye friji ya duka la dawa hapa jirani. Mama nilimdanganya kwamba siku hizi ndio utaratibu. Juzi Jumamosi kaka akajidunga ya kwanza, na jua halijazama meno yakawa yanagongana. Mama alikuwa amemshika miguu juu ya blanketi. Akaniuliza, taratibu tu, "Mbona zangu hazikumfanya hivi?"

Nikasema naenda kuchemsha maji. Nilisimama jikoni mpaka sufuria ikakauka.

Dada, wewe ndiye mkubwa wetu. Ukiniandikia, tumia anwani ya karakana. Msalimie shemeji, wakumbatie watoto, na yule wifi mcheshi mwambie kitenge chake nimeshakikata. Mungu awafunike kwa baraka zake, na huku nyumbani atutupie jicho.

Lakini unijibu haraka. Leo asubuhi Mama ameniomba, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake, nimrudishie zile sindano azitunze yeye, mwanawe apone.

Mdogo wako, anayekupenda na asiyejua la kufanya.