Kabange Ameenda Kutafuta Kuni

Kamina, Jumamosi. Mvua.

Mvua inapiga mabati tangu alfajiri na moyo wangu ni mzito. Nimerudi kutoka mkutanoni, viatu vimejaa matope mekundu, na hata kuvivua sina nguvu. Nivumilie leo, shajara. Sina maneno mazuri.

Komite yetu imemaliza kuchagua mada za tamasha la waandishi. Watakuja watu wa Mulongo, wa Kinkondja, wa Kabondo-Dianda, wengi wao hawajawahi kusoma maandishi yao mbele ya watu. Mada mbili zilipita bila ubishi: reli na ziwa. Ya tatu niliileta mimi.

Kilio.

Niliitaka kwa sababu zangu mwenyewe, bora niseme ukweli. Mimi naitwa Kyungu. Hapa kwetu ukitaja jina hilo, Muluba yeyote anajua kwamba wewe ni pacha, na anakuuliza palepale: na Kabange yuko wapi? Zamani nilikuwa nanyoosha kidole tu: si yule pale anayepiga kelele! Sasa ninajibu nilivyofundishwa. Ameenda kutafuta kuni.

Alikuwa mwalimu kule Kabondo-Dianda. Homa ilimshika wakati wa mvua kama hii, wakamleta kwa pikipiki, barabara ikawashinda. Walipofika naye hospitalini, hakuhitaji tena daktari.

Katika familia yetu pacha hafi. Ameenda kutafuta kuni, basi. Wala haliliwi, maana ukimlilia atarudi kumchukua mwenzake aliyebaki. Kwa hiyo siku ya kumzika tuliimba nyimbo za mapasa, yaani za mapacha, zile za matusi na vicheko, na mimi nikacheza. Nilicheza, jamani! Mama alinishika mkono kwa nguvu, ananitazama machoni aone kama yatalowa.

Hayakulowa.

Tangu siku hiyo kitu kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilifikiri, kama waandishi wote wale watakuja kuwalilia wafu wao kwa maandishi, pengine na mimi nitapata pa kupitia.

Papa Sylvain, mwenyekiti wetu, alikataa hata sijamaliza kueleza. Yeye ni mtoto wa reli, si Muluba, wazazi wake walitoka mbali sana kuja kufanya kazi kwenye treni. Ni mtu mwema, ila anaogopa wakubwa, na safari hii mbunge ndiye atakayefungua tamasha.

"Kilio? Apana, mama. Honorable anakuya kufungula, tumupokee na machozi? Bantu banachoka kulia."

Nilibishana. Nilipandisha sauti, nikagonga meza. Ndipo Mama Ngoie akaniangalia. Huyu alikuwa directrice, mkuu wa shule niliyosoma, na anawajua wafu wetu wote kwa majina.

"Weye Kyungu, Kabange mwenyewe haukumulilia. Sasa unataka bageni njo bamulilie?"

Nikaondoa mkono mezani. Hasira ilinipanda, kisha ikawa aibu, kwa sababu alisema kweli.

Yeye akamgeukia Papa Sylvain kwa upole, akasema basi tuandike hivi: Walioenda Kutafuta Kuni. Papa Sylvain akapiga makofi.

"Ile njo thème! Mambo ya pori! Miti yote inaisha juu ya makala ya kupikia. Tutaweka muti mukubwa kwa affiche ya kubandika."

Mama Ngoie hakucheka. Mimi ningecheka siku nyingine. Hakuna aliyemsahihisha, hata mimi, na mada ikapita hivyo hivyo. Waluba watajua. Wengine watatuletea mashairi ya kupanda miti.

Lakini kazi ya kuandika tangazo wamenipa mimi. Aya moja tu ya kuwaeleza waandishi mada inataka nini. Sasa nieleze kuni, au nimweleze Kabange?

Nimeanza na kuni. Nimeandika vizuri juu ya pori, juu ya vizazi vijavyo, maneno safi ambayo yangempendeza honorable wao. Nikayasoma, nikayachukia, nikayafuta yote. Mama yuko uani chini ya paa la jikoni, anapepea makaa ya mbabula, jiko letu, apike bukari, ugali wetu wa jioni.

Nikaandika: Kabange amekufa.

Maneno mawili. Sijawahi kuyatamka, wala kuyasikia kinywani mwa mtu wa nyumba hii. Nimeyatazama, na kilio kikatoka chenyewe, kikubwa, kibaya, hata sikukitambua kuwa ni changu. Nikajiziba mdomo, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Huko uani kifuniko cha sufuria kilianguka.

Nikangoja aje kunikemea. Nikangoja aje kuniziba mdomo kwa mikono yake yenye unga. Ninaogopa, sikatai. Nimesoma, ninafundisha watoto wa watu, lakini niliangalia mlangoni kama anayeingia atakuwa Kabange.

Hakuja mtu.

Mama ameanza kuimba. Ni wimbo wa mapasa, ule wa matusi, na anauimba kwa sauti yote aliyo nayo, juu ya kelele za mvua, ili Kabange asinisikie. Sauti inamkatika katikati, anavuta pumzi, anaanza upya.

Ile sentensi sitaifuta. Jumatatu nitampelekea Papa Sylvain, na mti wake atajua mwenyewe pa kuuweka.

Imba, mama. Imba kwa nguvu. Bado sijamaliza.