Kilima cha Kuangalia Viboko

Basotu, jioni

Mama, shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Huku ni upepo na vumbi la mashamba ya ngano. Kazi yangu ni kuwaangalia viboko ziwani, wanatoka saa ngapi na wanakula majani gani.

Leo nilipanda kilima kidogo cha udongo kando ya matete ili niwaone vizuri. Nikakaa juu, nikamenya yai. Akaja mama mmoja mfugaji, rika lako, akasimama chini. Nikamwamkia kwa furaha: "Shikamoo, mama! Karibu huku juu, utawaona wote!"

"Marahaba," akasema taratibu. "Mwanangu, hapo amelala mume wangu. Kaburi la baba yake lilikuwa kule kwenye ngano, trekta likalilima. Huyu tukamleta huku ziwani, tukasema hapa hapatalimwa."

Nilishuka na maganda ya yai mkononi. Akanihurumia, akaniuliza kama viboko nimewaona. Nikasema nimewaona.

Yeye nilimwomba radhi. Mume wake sikujua nimwombeje. Mama yangu, ukienda kupalilia kaburi la baba, mwambie anisemee kwa mzee huyo.

Nakukumbuka sana,
Pius wako