Mikono Kiliyopitia Kigoda

Jumatatu, 1 Julai 1996
Toka Igoma mpaka Kamanga hakuna muongo mtamu kama mimi. Nikiamua, namuuzia Mzungu ziwa zima, naye ataniuliza begi la kulibebea. Leo nimefukua vigoda vitatu kwenye samadi. Nilivichonga mwezi jana tu, sasa vina sura ya mababu. Nikavipaka masizi. Kesho hotelini. Siku hizi biashara ruksa, mjinga ni anayelala.

Jumanne, 2 Julai
Mzungu mmoja hotelini, mnunuzi wa vitu vya kale, kanusa kigoda, kacheka. Kavikataa vyote. Ana Kiswahili cha padri. Kasema kwao kuna maneno mawili yanayofanana kama pacha. Moja, proviniensi, linauliza kitu kilitoka ardhi gani. La pili, provinansi, linauliza tangu kitoke huko kimepita mikono ya nani. Sisi yote tunayaita asili, basi.
"Mahali utanitajia popote," kasema. "Nitajie mikono."
Sikuwa na hata mmoja. Nilimchukia njia nzima.

Jumamosi, 6 Julai
Magu, kwa bibi mzaa baba. Kaniita mume wangu kama kawaida yake, kanituhumu nimenenepeshwa na mke mwingine mjini. Kigoda cha ukoo kipo palepale, karibu na kitanda chake. Watoto wote wa kwetu hukalishwa juu yake siku ya kupewa jina. Hata mimi. Nikamuuliza mikono. Kaitaja bila kukwama: mchongaji wa Sengerema, mwanawe, babu yangu, yeye.
Nikamtania, "Mke wangu, nipe basi nikakikalie mjini."
"Chukua, mume wangu. Changu kipi si chako?"
Kacheka mpaka kakohoa. Bibi na mjukuu husemezana hivyo, na kila mtu anajua huko si kupewa. Nami najua. Alipotoka kupepeta mchele, nikakitia kwenye gunia.

Jumatatu, 8 Julai
Kimeuzika. Majina yote nilimtajia, kwa mpangilio. Mzungu kaniita profesa. Kakipakata kama kichanga. Nimenunua raba mpya. Sina hamu nazo.

Jumatatu, 22 Julai
Baba mdogo kaja toka Magu. Jana mtoto wa dada kapewa jina akiwa amekalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa kanga. Watu wakauliza kigoda. Bibi kawajibu mume wake amekiazima, atakirudisha. Hataki niitwe mwizi. Baba mdogo kanitukana mpaka kachoka. Bora angenipiga.
Nikakimbilia hotelini. Mzungu kaondoka. Hawajui kaenda nchi gani.

Jumapili, 28 Julai
Sijachonga kitu wiki nzima.
Wizi wote wanaujua. Kuna lingine sijamwambia mtu. Mzungu aliniuliza, huyo bibi, mkono wa mwisho, yupo? Alitaka twende Magu akamsikie mwenyewe. Nikasema amekufa. Nikamtajia hadi ugonjwa. Akavua kofia, akanipa pole.
Nikaipokea.