Mafuta Yasiyoonjwa

Jumatatu, 25 Juni 1951

Swalehe karudi kutoka Ndundu kwa baiskeli ya kuazima. Lori kaliacha kivukoni, pua imezama kwenye lundo la mchanga. Anasema aliposhuka mteremko wa pantoni alikanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini – hakuna kitu. Akavuta ya mkono. Nayo jina tu. Kama si lile lundo, abiria wote wangekuwa mtoni na viboko. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Wamekufa kuku wawili.

Mzee Mwinyimvua, mwenye lori, akanigeukia mimi, fundi wake. Kitu chochote kikiharibika Kibiti hunigeukia mimi. Lori litembee kabla ya Idd, basi. Watu wa ng'ambo ya mto wanangoja kwenda kula sikukuu kwao. Na mke wangu ni mmoja wao. Mwanamina keshamtumia mama yake salamu Mohoro kwamba anakuja. Swalehe ni kaka yake, tumbo moja. Kwa hiyo dereva ni shemeji yangu na siwezi hata kumtukana nikaridhika.

Saumu imenichosha. Nalala.

Jumatano, 27 Juni

Lori limefika jana kwa gia namba moja, mwendo wa jongoo. Leo nimelipiga jeki, nimevua magurudumu yote manne peke yangu. Jua kali, mate hakuna.

Nilichokiona! Kanda za breki zimelika hadi ribiti, misumari inayozishikilia, na ribiti zimechimba mifereji kwenye ngoma za magurudumu. Gurudumu la nyuma kushoto limelowa, vumbi limekuwa tope. Silinda inavuja, raba zake zimechanika. Lori hili lilitoka vitani, na nadhani breki hizi ni za vitani pia. Swalehe alikuwa akinilalamikia tangu mfungo sita, nusu mwaka sasa, kwamba pedeli laini. Mimi nikimjibu mguu wako ndio mzito, shemeji. Leo sikumwambia kitu, naye hakunikumbusha. Afadhali angenikumbusha.

Nimeagiza kanda, ribiti za shaba na raba mpya kutoka Dar.

Jumamosi, 30 Juni

Vitu vimekuja. Nimekata kanda kwa msumeno, nimetoboa, nimegonga ribiti moja moja, viatu vinane vya breki. Mkono wa kulia haukunjiki. Kuna wakati niliona nyota mchana.

Swalehe ananisaidia vizuri, lakini kila ikifika saa tatu hupotea nyuma ya mashine ya mpunga. Hurudi akifuta midomo. Huku mtu wa namna hiyo tunamwita kobe. Kila mtu anajua. Hakuna asemaye. Mwanamina pia anajua, na kila jioni humwekea kaka yake futari kubwa, amkaribishe kwa heshima, kana kwamba ameshinda na njaa. Namwonea huruma mke wangu.

Jumatatu, 2 Julai

Raba zimeingia. Ngoma nimezipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Ikabaki kujaza mafuta ya breki na kutoa upepo kwenye mabomba.

Mzee Mwinyimvua katoa kopo stoo. Halina karatasi, halina jina. Nikanusa, nikasikia mafuta ya taa, maana kopo lilikwisha kutiwa kila kitu. Fundi aliyenifundisha Dar alikuwa akisema pua hudanganya, weka ulimini. Mafuta ya breki yana ladha ya mbarika, yale tuliyonyweshwa utotoni tumbo likichafuka. Huwezi kuyasahau.

Lakini ilikuwa saa nane mchana, nimefunga. Nikalitazama kopo. Nikamtazama Swalehe. Yeye anaijua ladha hiyo kama mimi, na ulimi wake haukufungwa. Ningemwambiaje? Kumwambia mtu mzima "onja wewe" mchana wa Ramadhani ni kumwita kobe usoni. Shemeji yangu! Naye alikuwa akilitazama kopo, kisha akatazama pembeni.

Nikamimina. Tukatoa upepo, yeye kwenye pedeli, mimi chini. Pedeli ikasimama ngumu, nzuri. Kazi imekwisha.

Jumanne, 3 Julai

Usingizi tu. Mzee kanisifu mbele za watu.

Jumatano, 4 Julai

Asubuhi tumelijaribu njia ya kwenda Mahege. Linashika vizuri mno. Maili tatu tu, Swalehe akasema gari linavuta nyuma kama linamburuta maiti. Nikagusa ngoma, zimeniunguza. Nikajiambia kanda mpya, nimezibana sana. Nikalegeza. Tuliporudi zilikuwa za moto vilevile. Nikajiambia tena kanda mpya.

Jioni, adhana ikalia, nikachukua tende bila kunawa sawasawa. Nilikuwa nimetoka kukagua tangi la breki, na mafuta yalikuwa yamebaki kwenye kucha. Ulimi ukayaona. Si mbarika hata kidogo! Mafuta ya mashine ya mpunga. 

Raba hizi haziyataki mafuta hayo, yanazivimbisha. Ndiyo maana breki haziachii. Leo zinashika kupita kiasi. Kesho au keshokutwa raba itaoza, ichanike, na pedeli itakwenda chini kama siku ile. Lini, sijui. Labda kwenye mteremko uleule.

Nilimwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani baada ya magharibi. Kasema kuonja kwa dharura kisha ukatema hakufunguzi. Kumbe! Na hata bila fatwa ningeweza kungoja jua lizame, muda wa saa nne tu. Saumu nimeifanya pazia. Ukweli nilikuwa nimechoka, nilitaka kazi iishe nilale. Nayaandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Alhamisi, 5 Julai

Alfajiri nilikwenda kwa Mzee. Hayupo, kenda shamba. Niliporudi lori limejaa. Mikeka, vikapu, watoto wenye nguo zilizopigwa pasi. Mwanamina yuko juu, karibu na kichwa cha gari, kajifunga ushungi mpya. Kesho Idd, mwezi ukiandama.

Mzee kaja saa tano. Nikamweleza mbele ya wote, maana pembeni alikataa kusogea. Kwamba mafuta yaliyomo si ya breki, yafaa yamwagwe yote, raba zibadilishwe, zije nyingine kutoka Dar. Wiki moja. Watu wakaguna. Mama mmoja akasema fundi huyu juzi alisifiwa bure.

Mzee kaniuliza nimejuaje. Nikasema nimeonja wakati wa kufuturu. Akacheka. Akasema mtu mwenye njaa ya kutwa nzima ulimi wake haujui nazi wala tui. 

Swalehe akashuka kwenye usukani. Akafungua kifuniko cha tangi la breki, akachovya kidole, akakilamba. Hakutema. Akameza, watu wote wanamwona, na dada yake anamwona.

"Mimi sina njaa, Mzee," akasema. "Nimekula muhogo saa tatu. Haya si mafuta ya breki."

 

 Mzee Mwinyimvua kasema kobe hatoi ushahidi, wala leo haendeshi gari lake. Katuma mtu wa baiskeli Ikwiriri kumleta Dadi, dereva wa zamani. Kisha kaenda msikitini, maana adhuhuri imekaribia.

Nilidhani watashuka. Hawakushuka. Wanalinda nafasi zao. Mmoja anasema breki mbona zimeonekana zinashika, mwingine anasema riziki na ajali ni za Mungu. Hasira yao iko kwangu, si kwa Mzee.

Mwanamina ameshuka. Peke yake. Katupa kifurushi chini kwanza, kakifuata. Sikumwita. Kapita mbele yangu, kamwendea kaka yake, kamfuta mafuta kidevuni kwa ncha ya ushungi ule mpya. Nimeona haya kuliko siku zote nilizofunga.

Saa kumi sasa, Mzee bado yuko msikitini. Nimelala chini ya lori, daftari tumboni, spana mkononi. Nati ya kutolea upepo ni ndogo tu. Nikiilegeza mafuta yote yamekwenda mchangani, lori halitoki wiki nzima, na mimi kazi kwa Mzee sina, wala yeyote hapa hatanipa salamu ya Idd. Miguu ya watu inaning'inia pande zote, navihesabu viatu vipya. Kwa mbali kengele ya baiskeli. Sijui ni Dadi au mpita njia.

Swalehe amerudi kwenye usukani, hakuna aliyemzuia. Naisikia pedeli, ameweka mguu kama siku ile ya kutoa upepo; akikanyaga, mafuta yatatoka.  Ananisikiliza tu.

Nati imelegea nusu mzunguko –