Wimbo Nilioutoa Ndani

Jumatatu, 4 Machi
Mazoezi ya kikundi cha utamaduni tena, saa kumi hadi magharibi. Koo limekauka. Nilijiunga ili nikwepe kwata ya mgambo, maana hapa chuoni lazima uwe na kikundi. Ndugu Kiango, mwenyekiti wa tawi la vijana, alitaka wimbo wa Kizigua usiojulikana. Nikaishiwa. Nikatoa mmoja wa unyagoni, alionifunza Bibi, nikageuza maneno: penye mwali nikatia pamba. Wote wameupenda. Wenzangu wametoka Bukoba na Moshi, nani atajua?

Alhamisi, 7 Machi
Ratiba imebandikwa. Jumamosi ya wiki ijayo tunafungua sherehe ya kijiji cha ujamaa, Handeni. Kijiji chetu. Bibi ndiye kungwi pale, amewafunda wasichana wote. Baba na kaka zangu watasikia kitu ambacho mwanamume hasikii. Sikula.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeomba wimbo ubadilishwe. Kiango kacheka. "Ndugu Mwanahawa, utamaduni ni wa taifa, si wa nyumba ya bibi yako." Basi najitoa, nikasema. Akasema itaandikwa kwenye faili la tabia, na bila tabia njema hakuna cheti cha ualimu. Alisema kwa upole. Namchukia kwa upole huo.

Jumatano, 13 Machi
Nimejifanya mgonjwa. Zahanati wamenipa klorokwini, sasa nawashwa mwili mzima na safari iko palepale. Niliwaza kupanda treni nikajifiche Mnyuzi kwa shangazi. Halafu? Baba ameshatangaza soko zima kwamba bintiye ni mwalimu. Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 16 Machi
Tumeimba.
Ngoma ilipolia tu, wanawake wakajua. Hawakupiga kelele. Walijitanda kanga, wakaondoka mmoja mmoja, Bibi akiwa wa mwisho. Wanaume wakapiga makofi, Baba kuliko wote. Niliona aibu, na bado nikamaliza beti zote.
Kikundi kimerudi chuoni Korogwe. Mimi nimeomba ruhusa hadi Jumatano. Kiango ameridhia mara moja, amefurahi sana na makofi yale.

Jumanne, 19 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimemwamkia Bibi, akaitikia marahaba vizuri tu. Hajanigombeza hata siku moja. Wanawake wenzangu wanakaa mkekani, mimi naletewa kiti. Jana wanawake walikuja kupanga unyago wa mdogo wangu. Nilipoingia wakaanza kuzungumzia mvua.
Leo ilipokatika kidogo, wote wamekwenda kupanda mahindi. Niliuliza jembe langu liko wapi. Bibi akasema, "Pumzika, mgeni wetu."
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya nne.