Mguu Huu Hukuufungua Wewe

Mpendwa Dieudonné,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mkono umezoea, usije ukajidanganya. Nilianza mara mbili bila neno hilo, barua ikakataa kwenda. Basi likae hapo juu, lakini lisikupe raha.

Unamkumbuka mbuzi wa jirani yetu kule Mudzipela? Alivunjika mguu wa mbele mwaka ule tuliooana, nawe ukamfunga kwa vijiti vya mwanzi na kamba ya mgomba huku ukimsemesha polepole. Baba yako, muzee aliyeunga mifupa ya nusu ya mtaa, alisimama nyuma yako akitazama, na kwa jinsi alivyotulia nilijua ameridhika. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi. Kwenu ilikuwa sheria kwamba aliyefunga mfupa ndiye anayeufungua, na kwamba mwingine akiugusa, mfupa unaharibika. Niliiamini sheria hiyo kama nilivyoamini kila kitu kilichotoka kinywani mwako.

Kisha vita ikaingia mtaani. Tulikimbia asubuhi pamoja na watu waliobeba magodoro na kuku, nami nikatumbukia mferejini na kuvunja kifundo cha mguu wa kulia. Ulinibeba mgongoni mpaka mtaa huu wa Ngezi, kwa mama mkubwa wangu. Sitakunyima haki yako: ulinibeba njia yote na hukulalamika hata mara moja. Ulinilaza kwenye mkeka, ukanifunga toka gotini mpaka vidoleni, wayo ukiwa umenyooka kuelekea chini, kwa sababu hivyo ndivyo mguu ulivyoniuma kidogo. Ukasema unakwenda Beni kutafuta gari la kutuchukua wote.

"Usifungue," uliniambia. "Miye nilifunga, miye nitafungua. Siku tatu tu."

Nikangoja miezi saba.

Baba yako aliuawa wiki ile ile, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza. Mama mkubwa alitaka kukata kamba mwezi wa pili, nikamsukuma mkono. Kamba ilipolegea, alikaza kwa kipande cha kikwembe alichokuwa akijifunga kiunoni, nami nikamsimamia ili akaze pale pale ulipokuwa umekaza wewe. Nilikuwa mjinga kiasi hicho. Ngozi ilichubuka chini ya vijiti, paja likakonda, na bado nikawaambia wageni kwamba mume wangu yuko njiani.

Mwishowe mama mkubwa alichoka na ubishi wangu. Alimleta nyumbani mwanamke anayesali naye, Mama Furaha, ambaye anafanya kazi ya kunyoosha viungo kwenye kituo cha afya. Huku watu wanamwita kine. Alikaa chini, akautazama mguu kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyenifunga vile. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni bwana wangu, na kwamba ndiye atakayefungua.

"Mufupa yako ilipona zamani," akasema. "Ile iko inakufunga sasa ni kamba ya bwana yako."

Akatoa mkasi. Sikumsukuma.

Nilisimama siku ile kwa mara ya kwanza, na kisigino kikakataa kugusa chini. Mguu ulikuwa umeganda katika umbo ulilouachia, vidole chini, kisigino juu, kwa upana wa vidole vinne vya mkono. Mama Furaha alinieleza kwamba mishipa ya nyuma ya mguu imejikunja kwa kukaa sana hivyo, na kifundo kimesahau kukunjika. Aliniambia kwamba kingefungwa wima, na kuanza kusogezwa mapema, leo ningekuwa natembea. Nilirudi kwenye mkeka nikalia, kisha nikaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kukuchukia vizuri.

Nakwambia haya yote ili ujue chuki yangu ilikula nini. Kila asubuhi nililoweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu. Nilikaa mguu umenyooka, nikapitisha kikwembe chini ya wayo na kuuvuta kuja kwangu, huku nikihesabu mpaka thelathini. Mama Furaha alinipa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikaufunga kwenye mguu wa meza na kushindana nao kwa wayo, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Nilibingirisha chupa chini ya wayo. Nilisimama nimeshika ukuta, nikahamishia uzito mguu mbaya, kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Kila nilipovuta nilitaja jina lako kimoyomoyo, na jina hilo lilinisaidia kuliko sala.

Mama Furaha aligundua. Alisema hasira ni nzuri, ila nisizuie pumzi, maana mguu unaobanwa na mtu mwenye hasira unabana zaidi. Alinifundisha kupumua nje nikivuta. Basi nikajifunza kukuchukia kwa utulivu, na mguu ukaanza kutii.

Mwezi wa nne wa mazoezi kisigino kiligusa sakafu. Ilikuwa saa nne asubuhi, mama mkubwa akichambua maharage. Nilihisi ubaridi wa saruji mahali ambapo sikuwa nimehisi kitu kwa karibu mwaka mzima, nikabaki nimesimama pale bila kusogea. Nilikutamani, nakiri. Nilitaka uone. Ilikuwa dakika moja tu, ikapita.

Baada ya hapo nilijifunza kutembea upya: kisigino kwanza, kisha wayo, kisha vidole. Nilisimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki. Nilipanda kilima na kushuka. Leo mvua ikinyesha kifundo kinauma, na nikichoka nachechemea kidogo, lakini natembea. Mama Furaha ameniweka kazini kituoni nimsaidie, na watu waliojeruhiwa katika vita hii wanajifunza kwangu kuvuta kikwembe.

Sasa tuje kwa habari alizoleta mdogo wako. Alifika wiki jana, shemeji wangu maskini, akashindwa kuniangalia usoni. Alisema una mke Beni. Nilikuwa nimeshakisia. Alisema unataka kurudi Mudzipela kukalia kiti cha baba yako, na kwamba watu wako tayari kukupokea, kwa kuwa wameniona natembea sokoni. Wanasema, hata mke wake ni yeye aliyemfunga, na tazama anavyotembea. Akaniomba nije kukusalimia siku utakayofika, mbele ya watu, na nisiseme kwamba mguu ulifunguliwa na mtu mwingine.

Dieudonné, uliniacha, nikavumilia. Ukaoa, nikameza. Lakini kisigino changu, nilichokishusha chini kwa miezi minne ya machozi, unataka kukifanya sifa yako. Hapo umekosea mtu.

Sikumngoja shemeji amalize chai. Nilivaa viatu, nikaenda Mudzipela kwa miguu, nikaingia kwenye uwanja wa baba yako ambapo bado wanakuja wenye mifupa iliyovunjika, na shangazi yako anawafunga akingoja ufike. Nilivua kiatu mbele yao. Niliwaonyesha makovu ya vijiti, nikawaambia nilifungwa na nani, nilingoja muda gani, na nani alikata. Shangazi yako alinishika mkono.

"Mutoto, unaharibu jina ya muzee."

Nikamjibu kwamba jina la muzee limeharibiwa na mwanawe, na kwamba muzee mwenyewe kila mara alikuwa akirudi kufungua. Watu watatu walinifuata kituoni siku ile. Kesho yake watano.

Rudi, wala sikuzuii. Kiti kipo, uwanja upo, na shangazi yako atakufagilia. Kwenda kazini kwangu ninaweza kupita njia fupi, lakini nimechagua hii ya Mudzipela, nayo inapita langoni mwenu. Utakaa pale asubuhi, umenyoosha kamba zako, ukitazama barabara. Nitapita na wagonjwa wangu nyuma yangu, sitakusalimia, nawe utaendelea kungoja mtu aje. Siku ya tatu utaanza kuelewa. Mwezi wa saba utanielewa kabisa.

Aliyekuwa mke wako,
Ngezi, Bunia