Mgongo Umenyooka

Busawe, Juni 1975

Baba Wegesa, mume wangu,

Pokea salamu za kijiji kipya. Mtama umekubali, na Wegesa ameota meno, anauma kila mtu.

Jambo nililokuficha ukiwa huko kwenye mashamba ya mkonge ni mgongo. Siku ya kuhamia huku nilibeba jiwe la kusagia kichwani, nikateleza. Tangu hapo nikawa natembea nimeinama kama anayetafuta sindano. Kwenye shamba la kijiji walisema nasingizia kuumwa.

Mama yako akanipeleka Mugumu kwa Bi Kuruthumu, anayechua viungo. Alinilaza kifudifudi, akanikanda kwa mafuta mpaka nikalia. Kisha akasema, "Vuta pumzi," akabonyeza. Ka! Nikadhani amenivunja.

"Simama, mwanangu."

Nikasimama, nikaona uso wake badala ya miguu yake! Amenikataza kulima nimejikunja kutwa. Nitumie mpini mrefu, na nipumzike. Maumivu hayajaisha, ila usiku nalala.

Najua baba yako mdogo amekutumia neno uoe mwingine, eti mimi nimevunjika. Neno hilo liliniuma kuliko mgongo. Jana alirudi na maneno yale yale. Mama akamjibu, "Mkwe wangu yuko shambani. Kamwambie mwenyewe."

Akaja. Nikanyooka, jembe mkononi. "Shikamoo, baba. Nimesikia unanitafuta."

"Marahaba," akasema, akiangalia chini. "Nimekuja tu kuuliza mtama unaendeleaje."

Kumbe nimemzidi urefu, mume wangu. Sikuwahi kujua.

Mimi mkeo, wa kwanza na wa mwisho,
Teresia